Kutoka jeshini au karakana hadi kuendesha roboti za chini ya bahari: yajue haya kabla hujatoa hata shilingi

Wadau, mnaikumbuka Mei 2024? Jumapili ile ya tarehe 12 intaneti ilianza kutambaa kama konokono, Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani kibao. Unafungua ukurasa, unaenda kunywa chai, unarudi bado unazunguka. Wenye kafe walilia. Sababu ilikuwa huko chini baharini: kebo mbili, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini.

Tangu hapo kuna maswali mawili yananifikia kila mara. La kwanza: hizo kebo wanazitengenezaje huko chini? La pili linatoka kwa vijana waliopita jeshini, VETA au chuo cha ufundi: "Kaka, nasikia kuna ajira za kuendesha roboti za baharini, zinalipa. Kuna jamaa anataka hela ya usajili anitafutie nafasi. Nimpe?"

Jibu la haraka: USIMPE. Jibu refu ndilo hili hapa chini. Kazi ipo kweli, si hadithi, na mtu aliyetoka jeshini au kwenye ufundi ndiye anayetafutwa hasa. Ila njia ya kuingia siyo ile wanayoitangaza matapeli, na wala si ile wanayoitangaza baadhi ya wenye kozi. Somo ni refu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako za kafe ni chache, liprinti usome nyumbani.

ROV NI KITU GANI

Kwenye fani hii roboti hizo huitwa ROV. Ni chombo kisicho na mtu ndani, kinashushwa baharini kutoka melini au kwenye mtambo wa mafuta, kimefungwa kwenye kebo nene inayopeleka umeme chini na kurudisha picha juu kwa nyuzi za faiba. Mwendeshaji, yaani rubani, anakaa juu kwenye kontena lenye kiyoyozi na skrini nyingi, anaongoza kwa vishikio vya mkononi.

Zipo za aina mbili kubwa. Kuna ndogo za kuangalia tu, nyingine unaweza kuibeba mikononi, zina kamera na taa. Halafu kuna zile za kazi nzito, ukubwa wa gari dogo au zaidi, zenye nguvu ya farasi 100 hadi 200 na mikono miwili ya chuma. Hizi ndizo zinazofungua valvu kwenye visima vya mafuta na gesi, zinakata vyuma, zinafukia kebo, zinakagua mabomba.

Kwa nini wasitumie wapiga mbizi? Kwa sababu ya mgandamizo wa maji. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukifika mita 1,000, kila sentimita moja ya mraba inabeba karibu kilo 100. Yaani mifuko miwili ya saruji juu ya ukucha wa kidole gumba. Mkumbuke ajali ya gari lililotumbukia Likoni, Mombasa, Septemba 2019: lilikuwa kwenye kina cha mita 58 tu, na kulitoa kulichukua siku 13. Sasa fikiria kisima kilicho mita 2,000.

Tukirudi kwenye swali la kebo: meli ya matengenezo ikifika, kwenye kina kirefu sana mara nyingi hutumia ndoana kubwa za kuburuta ili kuinasa kebo na kuipandisha. Kwenye maji ya kina cha kati, ROV hushuka kuitafuta, kuikata, kuifunga kamba na kuifukia tena baada ya kuungwa. Hivyo picha zako zikipakia leo, kuna mtu alishinda usiku mzima kwenye kontena akihangaika kwa ajili yako.

KAZI HII ILIZALIWA JESHINI

Wanaoniuliza kama jeshi linasaidia, waangalie historia. Januari 1966 ndege mbili za kijeshi za Marekani ziligongana angani huko Palomares, Hispania, na bomu moja la nyuklia likazama baharini. Lilipatikana kwenye kina cha mita 870 hivi. Aliyelipandisha mwezi Aprili ni roboti ya jeshi la majini la Marekani iliyoitwa CURV, na alilipandisha baada ya kunaswa kwenye kamba za parachuti ya bomu lenyewe. Wakavuta vyote pamoja, bahati ikawa upande wao.

Agosti 2005 nyambizi ndogo ya Urusi, AS-28, ilinaswa na nyavu karibu na Kamchatka ikiwa na watu 7. Timu ya uokoaji ya Uingereza ilipeleka ROV iitwayo Scorpio 45, ikakata nyavu, wote 7 wakatoka hai. Mwaka 2010 kisima cha Macondo kilipolipuka kwenye Ghuba ya Mexico, kina cha mita 1,500 hivi, kazi yote ya kule chini ilifanywa na ROV. Na mwaka 2023 ni ROV iliyoyakuta mabaki ya nyambizi ya Titan karibu na meli ya Titanic, karibu mita 3,800 chini.

Fani hii imejaa wastaafu wa majeshi: mafundi wa elektroniki wa manowari, mafundi wa haidroliki za ndege, mafundi wa rada, mafundi wa vifaru. Si kwa sababu walijua kupiga risasi. Ni kwa sababu walijua kutengeneza kitu kilichoharibika usiku, mbali na duka la spea, bosi akiwa amesimama mgongoni.

RUBANI AU FUNDI?

Hapa ndipo vijana wengi wanapotea. Wanaona video, jamaa kashika kishikio kama anacheza gemu, wanasema "hii mimi naiweza, gemu nimecheza sana". Ndugu yangu, cheo chenyewe rasmi ni rubani-fundi, na ufundi ndio mkubwa. Kuendesha utafundishwa kazini. Kutengeneza, hakuna atakayekufundisha kuanzia sifuri katikati ya bahari.

ROV ya kazi nzito ina mambo yote ndani yake. Umeme unaoshuka kwenye kebo mara nyingi ni volti 3,000 au zaidi. Huko chini mota inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta ya haidroliki, mafuta yanazungusha propela na kunyoosha mikono. Kuna transfoma, kuna bodi za elektroniki, kuna faiba, kuna sona ya kuonea gizani, kuna programu za kompyuta. Juu kuna winchi kubwa ya kushushia. Vyote hivyo vinalowa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hayana huruma.

Nikupe mfano wa usiku mmoja wa kawaida. Roboti iko mita 800. Taa ya tahadhari inawaka: kuna umeme unavuja mahali. Ukipuuza, shoti inaweza kuua chombo. Mnakipandisha, na hiyo peke yake inakula muda mrefu, huku meli yenye gharama kubwa kwa siku imesimama inawasubiri. Kikifika juu mnazima umeme, mnaufunga kwa kufuli, mnathibitisha kwamba umezimika kweli. Halafu mnaanza kugawa: mnatenganisha nusu ya saketi, mnapima kwa mega. Nusu hii nzima? Basi ubaya uko nusu ile. Mnagawa tena, mnapima tena. Mwisho mnakuta kiunganishi kimoja cha taa kimeingia maji. Kwa nini? Kwa sababu aliyekifunga mara ya mwisho hakufuta oringi vizuri, kulikuwa na unywele mmoja. UNYWELE MMOJA, wadau.

Ukisoma hapo ukajisikia "hii ndiyo kazi yangu", endelea. Ukijisikia uvivu, tafuta kitu kingine, hakuna ubaya.

TIMU NA RATIBA

Kazi inaenda saa 24. Kila mtu anapiga zamu ya saa 12, na zamu moja ya ROV ya kazi nzito kwa kawaida ina watu 3: msimamizi na mafundi-marubani wawili. Mmoja anaendesha, mwenzake anashika mikono ya chuma au anafuatilia ramani, na kukiwa na kazi sitahani wanatoka wote. Unakaa baharini wiki 4, 5 au 6, wakati mwingine zaidi, kisha unarudi nyumbani.

Ngazi zinapanda hivi: mwanafunzi wa kazi, fundi-rubani daraja la pili, daraja la kwanza, fundi-rubani mwandamizi, msimamizi, na juu kabisa msimamizi mkuu. Kupanda kunategemea saa ulizoendesha na kazi ulizothibitisha kuziweza, zote zinaandikwa kwenye kitabu chako cha kumbukumbu. Kitunze hicho kitabu kama pasipoti.

UNATOKA JESHINI: UNACHO NINI, HUNA NINI

Unacho:
- Nidhamu ya kufuata utaratibu ulioandikwa, hata ukiwa umechoka
- Kuzoea zamu za usiku na kulala chumba kimoja na watu usiowachagua
- Kuandika ripoti ya makabidhiano ambayo mwenzako anaielewa
- Kutafuta hitilafu kwa mpangilio, siyo kubahatisha

Huna, au inabidi ubadilike:
- Cheo. Kimebaki getini. Unaweza kuwa sajenti wa miaka 15 ukaongozwa na kijana wa miaka 27, tena akakuelekeza namna ya kukunja kamba. Ukimnunia, umekwisha.
- Lugha ya karatasi. Mwajiri hajui "kombania" yako ilikuwa inafanya nini. Usiandike "nilikuwa koplo kwenye kikosi fulani". Andika: "Miaka 6 nikitengeneza pampu na silinda za haidroliki za mitambo ya uhandisi, nikisoma michoro ya saketi, nikisimamia stoo ya spea." Hivyo anaelewa. Na siri za jeshi usiziandike, kwanza ni kosa, pili hazikusaidii.
- Vyeti vya kiraia. Ujuzi uliopata kikosini bila karatasi, nenda ukaupimwe. Tanzania kuna mitihani ya VETA na ngazi za NACTVET. Kenya kuna vyuo vya TVET. Diploma ya umeme, elektroniki, mekatroniki au mitambo ndiyo inayokubeba vizuri zaidi.

Na jambo moja la muhimu sana: kama bado uko kazini, maliza utaratibu wa kuondoka, upate karatasi zako. Aliyetoroka jeshini hana wa kumtolea barua, na huko kwingine wataiomba.

Kwa ambaye hakupita jeshini, usikate tamaa. Fundi wa winchi za bandarini, fundi wa haidroliki za magreda, fundi umeme wa kiwandani, fundi wa mitambo ya migodini Geita au Kahama, fundi wa minara ya simu anayejua kuunga faiba, wote wana kitu mkononi. Fundi wa migodini hasa: kazi za zamu, mbali na nyumbani, usalama kwanza, tayari umezoea.

HATUA KWA HATUA

1. PATA UFUNDI KWANZA. Miaka 2 au 3 ya kazi halisi kwa mikono. Kama unajua umeme, ongeza haidroliki. Kama ni mtu wa haidroliki, jifunze kupima saketi na kulehemu waya kwa risasi. Anayejua vyote viwili ndiye anayeitwa kwanza.

2. KIINGEREZA. Ndiyo lugha ya kazi sehemu nyingi. Si lazima useme kama BBC, ila lazima uelewe amri kwenye redio yenye kelele na uandike ripoti fupi bila kumchanganya mtu.

3. TENGENEZA YAKO. Msicheke. Mabomba ya plastiki, mota za pampu ndogo za kutolea maji botini, betri ya volti 12, swichi, waya mrefu na kamera ya bei rahisi. Ijaribu kwenye simtanki, kisha kwenye maji tulivu, ukiwa na mwenzako. Itavuja. Vizuri! Kila inapovuja umejifunza kitu. Wanafunzi duniani wanashindana kwa vyombo vya kujitengenezea tangu 2002 kwenye mashindano ya MATE ROV. Na programu ya ArduSub, inayotumika kwenye chombo kidogo maarufu cha BlueROV2, ni huria; unaweza kuisoma hapohapo kafe bila kulipa leseni. Piga picha kila hatua, uweke kwenye wasifu wako.

4. AFYA. Kazi za baharini zinadai cheti cha daktari anayetambuliwa. Kinachojulikana sana ni cha OEUK, zamani kikiitwa OGUK, hukaa miaka 2. Wanaangalia moyo, presha, uzito, macho, masikio. Kwa mtu wa umeme, kutofautisha rangi za waya ni ishu. Jipime mapema hospitali ya kawaida ujue hali yako kabla hujatumia hela nyingi.

5. USALAMA. Kozi iitwayo BOSIET, ya viwango vya OPITO, kwa kawaida siku 3: kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa baharini, na ile inayowatisha watu, kutoka kwenye mfano wa helikopta uliopinduliwa ndani ya maji. Cheti hukaa miaka 4. Kwa wanaofanya kazi melini mara nyingi wanataka pia mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW. Hayo yanapatikana hapahapa kwetu: Dar kuna Chuo cha Bahari, DMI, na Mombasa kuna Bandari Maritime Academy. Ushauri wangu: STCW chukua mapema kwa sababu inafungua milango mingine ya meli pia. BOSIET chukua unapokuwa karibu na kazi, maana inakwisha muda ukiwa umekaa nyumbani.

6. KOZI YA ROV, KAMA UNAWEZA. Zipo kozi za wiki chache Ulaya na kwingineko, bei yake ni maelfu ya pauni. Zinasaidia? Kwa mtu mwenye ufundi tayari, ndiyo, zinamwonyesha vifaa na kumpa lugha ya fani. Kwa asiye na ufundi, ni karatasi ghali ya kutundika ukutani. Chama cha wakandarasi wa baharini, IMCA, kinatoa miongozo ya ujuzi unaotakiwa na kitabu cha kumbukumbu, ila anayekuthibitisha kuwa unaiweza kazi ni mwajiri wako, kazini. Kwa hiyo chuo kikikuambia "ukimaliza kwetu ajira ni uhakika", uliza: wangapi wa darasa lililopita wako baharini leo? Subiri jibu. Ukiona kona nyingi, ondoka.

7. INGIA KWA MLANGO WA PEMBENI. Wengi hawakuanza kama marubani. Walianza kama mafundi wa karakana ya kampuni ya ROV nchi kavu, mafundi umeme wa meli, mabaharia wa sitaha kwenye meli za kuhudumia mitambo. Ukiwa humo ndani, unasaidia timu ya ROV kubeba vifaa, unauliza maswali, jina lako linajulikana.

KAZI ZIKO WAPI

Tusidanganyane, kwetu bado ni chache. Songo Songo gesi ilianza kuzalishwa 2004. Gesi ya kina kirefu, Lindi na Mtwara, iligunduliwa kuanzia 2010, na wakati wa uchimbaji ule wa utafutaji ROV zilifanya kazi kwenye maji yetu. Lakini mradi mkubwa wa kuisindika Lindi umekaa miaka mingi kwenye mazungumzo. Kanuni za mafuta za 2017 zinataka Watanzania wapewe kipaumbele kwa nafasi wanazoziweza. Neno ni hilo: WANAZOZIWEZA. Mradi ukianza kesho na hakuna Mtanzania mwenye saa za kuendesha, nafasi zitakwenda kwa wengine na tutabaki kulalamika.

Jirani zetu Msumbiji wamekwenda mbele. Mtambo unaoelea wa Coral Sul ulianza kusafirisha gesi Novemba 2022, kwenye kina cha mita 2,000 hivi. Mradi mwingine wa nchi kavu huko Cabo Delgado ulisimamishwa 2021 baada ya mashambulizi ya Palma, kwa hiyo siasa na usalama navyo vinaingia humu.

Nje zaidi kuna Ghuba: Abu Dhabi, Qatar, Saudia. Maji ya kule si ya kina kirefu, ila mabomba ni mengi na ukaguzi hauishi. Kuna Angola na Nigeria, kuna Brazili, na kuna Bahari ya Kaskazini ya Uingereza na Norway, ambako sasa mashamba ya umeme wa upepo baharini yanaongeza kazi. Kule tatizo ni kibali cha kazi. Majina makubwa ya kuyafuatilia ni Oceaneering, yenye ROV za kazi nzito nyingi kuliko kampuni nyingine, pamoja na Fugro, Subsea7, DOF, Saipem na Helix. Ingia kwenye tovuti zao WENYEWE, ukurasa wa ajira, ujaze fomu. Haina malipo.

MATAPELI: SOMA HAPA MARA MBILI

Hawa ndio walionifanya niandike. Dalili zao:

- Barua ya ajira inakuja bila usaili, tena yenye mshahara wa kutisha
- Anwani ya barua pepe ni ya bure, au jina la kampuni limeongezwa herufi moja au kistari
- Wanataka hela ya "viza", "bima", "usajili" au "tiketi utakayorudishiwa"
- Wanataka utume kwa simu kwa jina la mtu, siyo la kampuni
- Wanakuharakisha: "nafasi imebaki moja, mwisho leo saa kumi"

Sheria iko upande wako. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, unaoitwa kwa kifupi MLC, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kubeba baharia ni za cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti yake. Kenya imeuridhia, Tanzania imeuridhia. Ukiwa na shaka na wakala, nenda TASAC kama uko Tanzania Bara, mamlaka ya usafiri baharini kama uko Zanzibar, au Kenya Maritime Authority kama uko Kenya, uulize kama wakala huyo ana leseni. Kuuliza ni bure. Kuna watu wameuza kiwanja cha urithi kwa barua ya ajira iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya kafe kama hii uliyokalia.

UBAYA WA KAZI

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwanza, hatari. Haidroliki ikitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta yenye mgandamizo wa ba 200 yanapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo, ndani mkono unaoza. Ni hospitali mara moja. Umeme wa volti 3,000 hausemi "samahani". Na chombo cha tani kadhaa kinaponing'inia juu ya sitaha inayoyumba, usipite chini yake, hata kama bosi ana haraka.

Pili, kazi yenyewe ina misimu. Bei ya mafuta ilikuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014, Januari 2016 ikawa chini ya 30. Wengi walirudishwa nyumbani, wazoefu kwa wageni. Mwaka 2020 korona ikawapiga tena. Wengi wanalipwa kwa siku walizofanya kazi. Usipoitwa, hupati kitu. Ndiyo maana nasisitiza ufundi: bahari ikikauka, fundi wa haidroliki anakula Mwanza, anakula Geita, anakula Tanga. Mwenye cheti cha kuendesha tu anakula nini?

Tatu, familia. Misiba utaisikia kwa simu. Mtoto ataanza kutembea haupo. Ongeeni nyumbani mapema, mkubaliane.

Nne, teknolojia inasogea. Zipo ROV zinazoendeshwa kutoka nchi kavu sasa. Oceaneering wana kituo cha namna hiyo Stavanger, Norway. Watu wa kushika vishikio melini wanaweza kupungua. Lakini oringi haijifuti yenyewe. Mwenye spana bado anahitajika.

MASWALI YA HARAKA HARAKA

Lazima nijue kuogelea? Kuendesha ROV hakuhitaji kupiga mbizi, ila kozi za usalama zinakuingiza majini. Mtoto wa pwani usiyejua kuogelea, anza leo.

Umri? Hakuna kikomo kimoja kwa wote. Wastaafu wa jeshi wa miaka 40 wanaingia, mradi afya iruhusu na wakubali kuanza chini.

Wanawake? Ndiyo. Bado ni wachache, ila mega haichagui mshikaji. Dada aliyesoma umeme DIT au Mombasa asijitoe mwenyewe.

Sina diploma, nina uzoefu tu. Tafuta cheti cha ngazi ya chini, upande taratibu. Uzoefu bila karatasi hauvuki meza ya kwanza.

Nianze na nini wiki hii? Bila hela kabisa: andika ukurasa mmoja wa vitu vyote ulivyowahi kutengeneza kwa mikono yako, kifaa, tatizo, ulivyolitatua. Huo ndio wasifu wako wa ROV. Kama ukurasa haujai, umeshajua kazi ya mwaka huu ni ipi.

Kwa leo naishia hapo. Wadau mlioko huko baharini, Ghuba, Msumbiji, popote, wekeni uzoefu wenu hapo chini, wadogo zenu wanasoma. Na aliyetapeliwa naye aseme walivyomfanyia, bila aibu, mwingine apone. Swali la "nimpe hela?" msiniulize tena, jibu mnalo.